Sarufi Kabla ya Istilahi: Uhakiki wa Virai Tata vya Kiingereza katika Sheria za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa Kurejelea Mpaka wa Rubavu, Rwanda

Ikisiri

Juhudi za kutafsiri sheria na kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa Kiswahili zimeelekezwa kwa kiasi kikubwa kwenye uundaji na usanifishaji wa istilahi. Makala haya yanahoji mwelekeo huo. Yanadai kwamba sehemu kubwa ya utata wa matini hizo haitokani na maneno magumu, bali na virai vya kawaida ambavyo maana yake hutegemea nafasi yake katika sentensi. Kwa kutumia mifano ya lugha ya biashara mpakani Rubavu, Ibara ya 119 na ya 137 za Mkataba wa Jumuiya, na shauri moja la Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, makala yanaonyesha kuwa upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili humlazimisha mfasiri kuamua jambo ambalo Kiingereza kiliacha wazi. Uamuzi huo ni wa kisheria, ingawa hufanywa na mtu asiye na mamlaka ya kisheria. Makala yanapendekeza tafsiri ya Kiswahili ihamishwe kutoka mwisho wa utungaji wa sheria na kuingizwa ndani yake.

1.0 Utangulizi

Mji wa Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu, Jimbo la Magharibi la Rwanda, umepakana na mji wa Goma wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kiasi kwamba mgeni asiyeona kizuizi angeweza kudhani ni mji mmoja. Vivuko viwili vinaiunganisha miji hiyo kwenye ukingo wa Ziwa Kivu: kile cha barabara ya ziwani, kinachojulikana kwa Kifaransa kama Grande Barrière, na Petite Barrière, kinachopitwa kwa miguu na wachuuzi wenye nyanya, karoti, maziwa na unga. Wengi wao ni wanawake. Kinyarwanda na Kiswahili ndizo lugha zinazosikika zaidi wakati wa kuuza na kununua.

Kiingereza kilifika mpakani hapo kwa njia nyingine. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007. Mwaka uliofuata serikali iliamua kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa kama lugha ya kufundishia. Mwaka 2017 sheria ya kikaboni ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Mwezi Julai 2022 Kongo nayo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya. Hivyo mpaka ambao kwa miaka mingi ulikuwa mwisho wa Jumuiya umegeuka kuwa mpaka wa ndani yake, na Kiswahili kinazungumzwa pande zote mbili. Hata hivyo, kanuni za forodha za Jumuiya zilitungwa kwa Kiingereza, na mchuuzi hupata maana yake kupitia kwa afisa, karani au jirani aliyesoma.

Swali la makala haya ni hili: mtu anayemtafsiria mchuuzi kanuni hizo anatafsiri nini hasa? Jibu lililozoeleka ni kwamba anatafsiri istilahi, na kwamba akipewa orodha nzuri ya istilahi kazi yake itakuwa imekamilika. Uhakiki huu unalipinga jibu hilo.

2.0 Mkabala

Roman Jakobson (1959) alitoa hoja ambayo wanazuoni wa tafsiri wameirejelea mara nyingi: lugha zote zinaweza kueleza lolote, lakini zinatofautiana katika yale ambayo kila moja humlazimisha msemaji kuyaeleza. Msemaji wa Kiingereza hulazimika kuchagua kati ya umahususi na uwazi wa nomino kwa kutumia vibainishi vyake. Msemaji wa Kiswahili halazimiki. Kwa upande mwingine, msemaji wa Kiswahili anapotumia kitenzi chenye kirejeshi, hulazimika kuonyesha kwa kiambishi ni nomino ipi inayorejelewa. Msemaji wa Kiingereza, aghalabu, halazimiki.

Kazi za tafsiri katika Afrika Mashariki hazikuipuuza sarufi. Vitabu vya kiada, kikiwamo Kitangulizi cha Tafsiri cha Mwansoko na wenzake (2006), huitaja miongoni mwa vipengele vya uchanganuzi wa matini chanzi. Lakini katika sera na bajeti hali ni tofauti. Taasisi zinapoulizwa Kiswahili kinahitaji nini ili kiwe lugha ya sheria, jibu la kwanza huwa kamusi na faharasa. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, kwani bila istilahi thabiti mahakama mbili zinaweza kuita kitu kimoja kwa majina mawili. Kasoro yake ni kudhani kwamba neno ndilo kipashio cha maana ya sheria. Sheria hufanya kazi kwa sentensi: nani afanye nini, kwa sharti gani, isipokuwa lini. Mahusiano hayo ni mali ya sarufi, na hakuna faharasa inayoyabeba.

3.0 Virai vitatu na uhusiano mmoja

Mfano wa kwanza ni kirai "subject to", ambacho ni vigumu kukikosa katika kanuni yoyote ya forodha. Kamusi itatoa neno "subject" kwa maana ya somo, mada, raia au kiima, na hakuna hata moja inayosaidia hapa. Maana inapatikana katika muundo. Katika "goods subject to duty", kirai kinafafanua nomino, na Kiswahili chake ni "bidhaa zinazotozwa ushuru". Katika "subject to Rule 5, goods may enter", kirai hichohicho kiko mwanzoni mwa sentensi nacho kinaweka ngazi kati ya masharti mawili: "kwa kuzingatia Kanuni ya 5, bidhaa zinaruhusiwa kuingia". Katika "officers shall subject the goods to inspection", neno limekuwa kitenzi chenye mtenda: "maafisa watazikagua bidhaa". Msomaji anayekariri maana moja ya kirai atakosea mara mbili kati ya tatu. Kosa la pili ndilo zito zaidi, kwa kuwa linageuza ruhusa yenye sharti kuwa ruhusa tupu.

Mfano wa pili ni "may not". Sentensi "traders may not pay the fee" ina maana tatu zinazotofautiana: "wachuuzi hawaruhusiwi kulipa ada", "wachuuzi wanaruhusiwa kutolipa ada", na "huenda wachuuzi wasilipe ada". Ya kwanza ni katazo, ya pili ni msamaha, ya tatu ni makisio. Mwanasheria aliyezoea uandishi wa Kiingereza atachagua ya kwanza bila kusita, kwa kuwa ndiyo desturi ya matini za sheria. Aliyejifunza Kiingereza shuleni kama lugha ya tatu au ya nne hana desturi hiyo. Ana sarufi tu, na sarufi inamruhusu kuchagua yoyote. Kiswahili hakina muundo mmoja unaobeba maana zote tatu. Ukanushi unapaswa kukaa ama kwenye kitenzi cha ruhusa ama kwenye kitenzi cha kulipa, na kila nafasi inaonekana wazi.

Mfano wa tatu unahusu upeo wa ukanushi. "All goods are not exempt from duty" inaweza kumaanisha kuwa hakuna bidhaa iliyosamehewa ushuru, au kuwa zipo zilizosamehewa na zisizosamehewa. Katika mazungumzo, mkazo wa sauti husaidia kutofautisha. Kwenye tangazo lililobandikwa ukutani hakuna sauti. Kiswahili kina njia mbili zisizochanganyika: "bidhaa zote hazisamehewi ushuru" na "si bidhaa zote zinazosamehewa ushuru". Mchuuzi mwenye kapu la karoti anayeelezwa kwa sentensi ya kwanza, ilhali kanuni ilikusudia ya pili, atalipa asichodaiwa. Hatalalamika, kwa kuwa ameambiwa kwa lugha anayoielewa vizuri.

Uhusiano unaobaki ndio wenye uzito zaidi kinadharia: uambatanishaji wa kirai fafanuzi. Katika "goods of traders registered in Rwanda", kilichosajiliwa Rwanda ni nini, bidhaa au wachuuzi? Kiingereza hakisemi. Kiswahili hakiwezi kunyamaza. Ni ama "bidhaa za wachuuzi zilizosajiliwa Rwanda" ama "bidhaa za wachuuzi waliosajiliwa Rwanda". Silabi moja au mbili za upatanisho zinaamua iwapo cheti kinadaiwa kwa mzigo au kwa mtu.

Kinachoifanya Rubavu kuwa mahali pazuri pa kuuchunguza utata huu ni kwamba Kinyarwanda, lugha ya Kibantu yenye ngeli kama Kiswahili, hufanya vivyo hivyo. Kirai kilekile kitakuwa "ibicuruzwa by'abacuruzi byanditswe" kikirejelea bidhaa, na "banditswe" kikirejelea wachuuzi. Msemaji wa Kinyarwanda anayejifunza Kiswahili sanifu hahitaji kufundishwa kwamba upatanisho hubeba maana. Anaijua kanuni hiyo tangu utotoni. Anachokutana nacho katika Kiingereza ni lugha isiyomwonyesha kile ambacho lugha zake mbili humwonyesha kila siku.

4.0 Mbuzi aliyezaliwa kwingine

Kanuni za uasili wa bidhaa huonyesha namna suala hili linavyogusa mfuko wa mtu. Ili bidhaa ipate nafuu ya ushuru kati ya nchi za Jumuiya, lazima ithibitike kuwa asili yake ni nchi mwanachama. Kwa mizigo midogo kuna cheti rahisi cha uasili, kinachotumika kwa shehena yenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Miongoni mwa vitu vinavyohesabiwa kuwa vimepatikana kikamilifu katika nchi ni wanyama hai ambao kanuni za Kiingereza huwaeleza kwa kirai "born and raised" katika nchi hiyo.

Kirai hiki kinaonekana chepesi kabisa. Vitenzi viwili vimeunganishwa kwa "and", na msomaji wa kawaida atasema masharti ni mawili kwa mnyama mmoja. Lakini muundo uleule katika "applicants admitted and rejected" unazaa makundi mawili ya watu, kwa kuwa mwombaji mmoja hawezi kukubaliwa na kukataliwa kwa pamoja. Kwa hiyo sarufi ya Kiingereza inaruhusu usomaji wa aina mbili, na ni ujuzi wa mambo ya dunia unaomwongoza msomaji kuchagua. Kwa upande wa wanyama, ujuzi huo hautoshi. Mbuzi aliyezaliwa Masisi na kukuzwa Rubavu hutimiza sharti moja tu: chini ya usomaji wa kwanza hastahili, chini ya usomaji wa pili anastahili.

Kiswahili hutenganisha njia hizo kwa uwazi. "Wanyama waliozaliwa na kukuzwa nchini" ni wanyama walewale wenye sifa zote mbili, kwa sababu kitenzi cha pili kimeingia katika umbo la kitenzijina na hivyo kutegemea kirejeshi cha kitenzi cha kwanza. "Wanyama waliozaliwa na waliokuzwa nchini" hufungua mlango wa makundi mawili, kwa kuwa kila kitenzi kina kirejeshi chake. Mfasiri mwangalifu atachagua umbo la kwanza, na atakuwa sahihi. Asiye mwangalifu anaweza kuandika la pili akidhani ni suala la mtindo, na afisa wa forodha anayesoma Kiswahili akaruhusu mbuzi ambao kanuni ya Kiingereza haiwaruhusu. Hakuna istilahi hata moja iliyokosewa hapa. Kuzaliwa ni kuzaliwa na kukuzwa ni kukuzwa. Tofauti yote imo katika kiambishi.

5.0 Ibara ya 137 na ya 119: Kiswahili ndani ya kirai cha Kiingereza

Hoja hii inakuwa na kejeli fulani inapoelekezwa kwenye vifungu vya Mkataba vinavyohusu Kiswahili chenyewe. Mkataba wa Kuanzishwa kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika tarehe 7 Julai 2000, unasema katika Ibara ya 137 kwamba lugha rasmi ya Jumuiya "shall be English", na kwamba Kiswahili "shall be developed as a lingua franca of the Community". Mijadala ya hadhi ya Kiswahili imeishughulikia ibara hii kwa miaka mingi, mara nyingi ikihoji siasa yake. Sarufi yake haijapata uzito unaostahili.

Kwanza, neno "shall" limetumika mara mbili kwa kazi mbili. Katika kifungu cha kwanza linaanzisha hali: tangu siku ya Mkataba, lugha rasmi ni Kiingereza. Katika kifungu cha pili linaweka wajibu wa kufanya jambo. Tafsiri inayofuata neno kwa neno hutumia kiambishi cha wakati ujao kwa zote mbili: "itakuwa Kiingereza", "kitaendelezwa". Matokeo ni kwamba hali iliyokwisha kuanzishwa inasomeka kama tukio lijalo, na wajibu unasomeka kama ahadi. Tafsiri inayofuata sarufi ya maana ingesema "lugha rasmi ya Jumuiya ni Kiingereza", kisha ingetafuta namna ya kueleza wajibu.

Hapo ndipo jambo la pili linapojitokeza. Wajibu ni wa nani? "Shall be developed" ni kauli ya kutendwa isiyo na mtenda. Kiswahili nacho kinaruhusu "kitaendelezwa" bila kumtaja mtenda, kwa hiyo haiwezi kudaiwa kwamba Kiswahili kinamlazimisha mfasiri kumtaja. Lakini mara tu mfasiri anapotaka kuonyesha kuwa hili ni agizo na wala si utabiri, miundo iliyo mkononi mwake humtaka mwenye wajibu: "ni wajibu wa Nchi Wanachama kukiendeleza", "Sekretarieti itapaswa kukiendeleza". Kimya cha Kiingereza kinageuka kuwa swali. Ni swali ambalo mshauri wa sera anapaswa kulipenda, kwa sababu wajibu usio na mwenyewe ni vigumu kuutengea bajeti na ni vigumu zaidi kuudai mahakamani.

Tatu, kuna neno dogo "as". Je, Kiswahili kiendelezwe kikiwa tayari ni lugha ya mawasiliano mapana, au kiendelezwe ili kiwe hivyo? Kiingereza kinaziruhusu maana zote mbili. Kiswahili hutaka "kikiwa" au "ili kiwe". Tofauti hii ina matokeo ya kisera. Kwa anayesimama Petite Barrière asubuhi, "ili kiwe" ni kauli ya ajabu, kwani watu wa mataifa mawili wanabishania bei kwa Kiswahili mbele yake. Usomaji wa "kikiwa" ungeitaka Jumuiya kuanzia hapo: kuleta huduma, fomu na usuluhishi katika lugha ambayo tayari inatumika. Usomaji wa "ili kiwe" unaiahirisha kazi hiyo hadi siku ambayo Kiswahili kitatangazwa kuwa kimefika. Kwa miaka mingi sera imeendeshwa kana kwamba usomaji wa pili ndio pekee uliopo.

Ibara ya 119(d) inaongeza utata mwingine. Inazungumzia uendelezaji na ukuzaji wa "indigenous languages especially Kiswahili as a lingua franca". Kirai cha mwisho kinaweza kuambatana na Kiswahili peke yake, na umoja wa "a lingua franca" unaunga mkono usomaji huo. Lakini ikiwa ni hivyo, lugha nyingine za wenyeji, Kinyarwanda kikiwamo, ziendelezwe kama nini? Kirai hakijibu. Tafsiri ya Kiswahili lazima iseme ama "lugha za wenyeji, hasa Kiswahili kikiwa lugha ya mawasiliano mapana" ama itafute muundo unaozipa lugha hizo nafasi yake. Kwa Rwanda, ambako takriban wananchi wote huzungumza Kinyarwanda, swali hilo si la pembeni.

Mabadiliko ya hadhi ya Kiswahili katika Jumuiya yaliyofuata mwaka 1999 hayaufuti uchambuzi huu. Kadiri Kiswahili kinavyokaribia kuwa lugha ya matini rasmi za Jumuiya, ndivyo matini zilizotungwa kwa virai vya aina hii zinavyohitaji kupitiwa upya.

6.0 Funzo kutoka Arusha

Msomaji anaweza kuhisi kwamba mifano iliyotolewa ni michezo ya wanaisimu. Historia ya sheria inayohusu Rwanda inaonyesha vingine. Tarehe 8 Novemba 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio 955, lililoanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda kufuatia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mahakama ilifanya kazi Arusha, na lugha zake za kazi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa. Ibara ya 3 ya Hati yake iliipa mamlaka juu ya makosa dhidi ya ubinadamu yaliyotendwa kama sehemu ya shambulio "against any civilian population on national, political, ethnic, racial or religious grounds".

Kirai hicho cha mwisho kinafafanua nini? Kikiambatana na shambulio, inatosha kuthibitisha kuwa shambulio lilikuwa la kibaguzi. Kikiambatana na makosa, mwendesha mashtaka anapaswa kuthibitisha kwamba kila mshtakiwa alikuwa na nia ya kibaguzi katika kila tendo. Katika shauri la Akayesu, lililotolewa hukumu ya kwanza tarehe 2 Septemba 1998, suala la nia hiyo lilipelekwa mbele ya Kitengo cha Rufaa. Tarehe 1 Juni 2001 Kitengo hicho kiliamua kwamba Ibara ya 3 haidai nia ya kibaguzi kwa makosa yote yaliyoorodheshwa. Ni kosa la utesaji wa kibaguzi pekee linaloidai. Zaidi ya miaka sita ilikuwa imepita tangu Hati ipitishwe.

Kwa Kiswahili sentensi hiyo ingelazimika kuchagua: "makosa yaliyotendwa ... kwa shambulio lililofanywa kwa misingi ya", au "makosa yaliyotendwa kwa misingi ya ... kama sehemu ya shambulio". Kiambishi "li" au mpangilio wa virai ungelileta swali mezani siku ya utungaji. Wala si kirai hicho pekee. Matini ya Kiingereza ya Ibara hiyo ilisema shambulio liwe la kuenea "or" la kimfumo, ilhali ya Kifaransa iliunganisha sifa hizo kwa "et", na majaji walilazimika kuamua ipi ifuatwe. Kwa watu wa Gisenyi, ambako mauaji hayo yalifanyika na baadhi ya waliohusika walihukumiwa Arusha, haya hayakuwa mambo ya kinadharia. Uzito wa ushahidi uliodaiwa ulitegemea kiunganishi na kirai.

7.0 Mipaka ya hoja

Itakuwa kosa kuhitimisha kwamba Kiswahili ni lugha iliyo wazi na Kiingereza ni lugha ya giza. Kiswahili nacho kina utata wake. Nomino mbili zikiwa za ngeli moja, upatanisho hausaidii: "watoto wa wachuuzi waliovuka mpaka" haisemi nani alivuka. Kiunganishi "na" huunganisha na pia hutaja mtenda, hivyo "bidhaa zilizokaguliwa na maafisa na wachuuzi" inaweza kuhitaji maelezo. Kukosekana kwa vibainishi kunaweza kufuta tofauti ambayo Kiingereza kinaionyesha. Mjadala wa miongo mingi juu ya Azimio 242 la mwaka 1967 ulihusu kutokuwapo kwa "the" mbele ya "territories" katika matini ya Kiingereza, ilhali ya Kifaransa ilisema "des territoires". Kiswahili "kutoka katika maeneo yaliyokaliwa" kisingeuonyesha mgogoro huo kabisa.

Kizuizi cha pili ni cha kilahaja. Uwezo unaoelezwa hapa ni wa Kiswahili sanifu. Kiswahili cha mazungumzo cha mashariki ya Kongo, ambamo "vitu" husikika kama "bintu", kina mwenendo wake wa upatanisho usiolingana kila mara na ule wa usanifu. Tafsiri inayotegemea kiambishi kimoja kubeba uzito wa sheria inaweza isisikike ilivyokusudiwa upande wa pili wa kizuizi. Kwa hiyo tafsiri ya matumizi ya mpakani inahitaji kurudia nomino pale inapobidi, hata ikiwa mtindo utaonekana mzito.

Kizuizi cha tatu ni cha kisiasa. Utata mwingine umewekwa kwa makusudi ili nchi zisizokubaliana ziweze kutia saini. Mfasiri anayeuondoa anavunja makubaliano bila kujua. Ndiyo maana pendekezo linalofuata halimtaki mfasiri aamue peke yake, linamtaka aulize.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Nchi za eneo hili zimeweka tafsiri katika ngazi tofauti. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema matini ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa iwapo matini zitapingana. Tanzania mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Sheria za Rwanda huchapishwa kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa bega kwa bega, nazo kwa kawaida hutaja ndani yake lugha zilizotumika kuziandaa na kuzipitisha. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1969 kuhusu sheria ya mikataba, katika Ibara ya 33, unazipa matini za lugha zilizothibitishwa nguvu sawa, isipokuwa pale wahusika walipokubaliana vingine. Njia ya Rwanda na ile ya Vienna zinakubali jambo ambalo faharasa za istilahi hazilioni: lugha ya pili ni kipimo cha lugha ya kwanza.

Mapendekezo matatu yanatokana na uhakiki huu. La kwanza, kila matini ya Jumuiya inayotafsiriwa iambatane na waraka mfupi wa sarufi, utakaoorodhesha kila mahali ambapo Kiswahili kilimlazimisha mfasiri kuchagua, chaguo alilofanya, na lile aliloliacha. Waraka huo urudishwe kwa watungaji wa sheria, ambao ndio wenye mamlaka ya kusema utata ulikusudiwa au ulipenya. La pili, mfasiri wa Kiswahili aingie katika chumba cha utungaji wakati rasimu ya Kiingereza ikiwa bado rasimu. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ina nafasi ya kulisimamia hilo kuliko taasisi ya taifa moja. La tatu, kanuni za biashara ndogo mpakani zijaribiwe mahali kama Rubavu kabla ya kuchapishwa, kwa kuweka matini ya Kinyarwanda na ya Kiswahili kando kando. Lugha mbili zenye ngeli zikichagua tofauti, hapo ndipo rasimu ya Kiingereza ilipoacha mwanya.

Istilahi zitaendelea kuhitajika, na kazi iliyofanywa na mabaraza na vyuo kuziunda inastahili heshima. Lakini mwanamke anayefika Petite Barrière na mbuzi wawili hababaishwi na neno "uasili", ambalo ataelezwa kwa sentensi moja. Kinachoamua iwapo atavuka na mbuzi wake ni kama kanuni imesema waliozaliwa na kukuzwa, au waliozaliwa na waliokuzwa. Hilo linapaswa kuamuliwa na waliopewa mamlaka ya kutunga sheria, kwa kujua, na mapema.